Shangazi, chama changu kinataka kupitisha lami kwa msitu ninakopandia mlima

Hujambo shangazi,

Nimekusoma kitambo sijawahi kukuandikia, lakini hii stori imenifikisha mahali hata usingizi siupati vizuri, juzi mke wangu akaniuliza kwani umekopa pesa za watu? Nikamwambia si deni, ni msitu, akageuka ukutani akalala.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nauza vipuri vya magari hapa Nairobi lakini nyumbani ni Kinangop, upande wa Ndunyu Njeru. Tangu 2019 niko kwa kundi la kupanda milima, tuko watu kama 60 hivi, kila baada ya wiki mbili tunaingia milima ya Aberdare. Elephant Hill, Rurimeria, Satima yenyewe ile ya mita 4,001, zote tumepanda na zingine tumerudia mpaka tumezoea kila kona. Sijui kama umewahi kupanda Elephant Hill shangazi, unaanzia Njabini asubuhi na baridi ya kufa, unaingia kwa mianzi, tope linashika gumbuti mguu unatoka na soksi tu, halafu mkipata kinyesi cha ndovu kiongozi anaweka kiganja juu yake kuona kama bado kina joto, kikiwa na joto basi hakuna mtu anaongea tena mpaka mianzi iishe, hata wale wa kelele. Mimi hiyo dakika ya kimya ndiyo hunirudisha huko kila mara. Jumatatu nikirudi dukani nakuwa mtu.

Sasa shida ni hii. Unajua hiyo barabara ya Ihithe mpaka Ndunyu Njeru ambayo kila mwanasiasa wa huku Mlima Kenya ameahidi tangu nikiwa mtoto, karibu kilomita 52, na kipande kizuri kinakatiza katikati ya mbuga, kutoka geti la Kiandongoro mpaka geti la Mutubio. Saa hii ni ile njia ya murram, udongo tu, tope likizidi hata Land Rover inasali. Wanataka kuweka lami. NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, ilitoa kibali mapema 2024, watetezi wa wanyamapori wakakimbia kortini, korti ikasimamisha kwanza, na kila kampeni ikikaribia wakubwa wanakuja huku kutuambia itajengwa wapende wasipende.

Na hao wakubwa ni wa chama changu. Hapo ndipo pananiuma. Sitakitaja lakini 2022 nilikipigia kampeni mimi mwenyewe, nilizunguka na kofia yao mpaka kichwa kikatoka alama ya jua, nusu ya kundi letu niliwaingiza mimi. Na bado nakipenda shangazi, nisikudanganye, wale wa upande ule mwingine siwaamini hata kidogo.

Sasa mwaka huu akatokea mtu anayetaka kiti 2027 kwa tiketi ya chama chetu, akatununulia jaketi 60. Jaketi poa kabisa, mvua haiingii, lakini mgongoni kuna sura yake na jina lake kubwa hivi. Akalipia na basi mbili. Tukaenda naye kupanda miti, tukapiga picha, yeye akapanda mche mmoja akaingia kwa gari, sisi tukapanda iliyobaki haraka haraka juu mvua ilikuwa inakuja. Mwezi uliofuata nikapita pale nikakuta yale makaratasi meusi ya miche bado yametapakaa chini, na miche yenyewe mingi imekauka, mingine ilikuwa imepandwa na karatasi lake. Huyo huyo jamaa wiki iliyofuata alikuwa mkutanoni anasema wanaopinga barabara ni watu wa Nairobi wanaopenda nyani kuliko binadamu.

Nikaandika kwa grupu ya WhatsApp, kwa heshima kabisa, nikasema jameni sisi ndio tunaujua huu msitu kuliko watu wengi, mbona tusiandike barua kama kundi tuseme barabara izunguke. Shangazi! Kapteni wetu akajibu "hapa hatuleti siasa." Picha yake ya profaili amevaa lile jaketi. Mwingine akasema nimetumwa. Mwingine, ambaye mwaka jana alivunjika kifundo Rurimeria tukambeba kwa zamu saa nne nzima, mimi nikiwa mbele, akaandika neno moja tu: "msaliti." Jioni nikaondolewa uadmini na uhazina. Pesa za watu niliwarudishia zote mpaka shilingi ya mwisho, skrinishoti ninazo.

Kitu cha mwisho kinachonichanganya ni mama. Yeye analima viazi huko nyumbani na anaitaka hiyo barabara kama maji. Dada yake ameolewa Nyeri, ni mlima tu umewatenganisha, lakini akifiwa huko mama inabidi azunguke mpaka Nyahururu, siku nzima imeisha. Nikimwambia mambo ya wanyama ananiangalia tu. Aliniuliza, "Wewe hupanda huo mlima ukitaka, mimi nauzunguka nikitaka nisitake, nani anaujua zaidi?" Sikuwa na jibu.

Niambie shangazi. Nitoke kwa kundi? Nitoke kwa chama? Ama ninyamaze tu nivae jaketi nipande mlima kama wengine?

Mpanda Mlima Aliyekwama, Nairobi


SHANGAZI ANAJIBU

Mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni na chapati ikaungua kwa ajili yako, kwa hivyo utanivumilia nikikugusa pabaya.

Tuanze na jaketi. Mtu akikupa nguo yenye sura yake ukaivaa, huyo amekukodi mgongo. Ubao wa matangazo kando ya barabara mwanasiasa angeulipia kila mwezi, nyinyi mmembebea 60 mpaka juu ya mita 3,500 kwa bei ya basi mbili. Kwa hivyo kapteni wako akisema hapa hatuleti siasa anachelewa, siasa ilishafika, ilipanda basi na nauli ikalipa. Wewe hukuileta. Wewe ulileta swali, na swali halikuwa na mfadhili.

Sasa na wewe usijifanye mtakatifu. Nikuulize, Julai 2023 ulikuwa wapi? Februari 2018 mito ilipokuwa inakauka serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwa misitu ya umma, na aliyesimama kutangaza alikuwa William Ruto akiwa naibu rais. Julai 2023, kule Molo, aliyesimama kusema marufuku imekwisha alikuwa Ruto huyo huyo, sasa akiwa rais, na mwaka huo huo tukapewa sikukuu ya kupanda miti mwezi wa Novemba. Wenye viwanda vya mbao walikuwa na hoja, ile miti iliyopandwa kwa biashara ilikuwa imekomaa inaoza ikiwa imesimama na vijana wamekosa kazi, hiyo siwezi kukataa. Lakini wewe mpenda msitu uliuliza nani atalinda ile ya asili msumeno ukishaingia ya biashara? Naona hukuuliza, kofia ilikuwa bado kichwani. Umeamka juu safari hii wameikanyaga njia yako wewe. Sikulaumu sana, wengi wetu huamka hivyo hivyo, ila ujue ndiyo maana wenzako hawakuamini haraka.

Na kabla mtu hajasema shangazi ametumwa na upande ule, hakuna upande wenye mikono misafi hapa. Reli ya SGR ilipitishwa juu ya mbuga ya Nairobi kwa daraja la kilomita 6 wakati wa Uhuru Kenyatta, na wapiga kura wake wengi waliopenda wanyama waliimeza wakanyamaza. Kuna pia yule aliyejaribu upande wa pili. Raila Odinga akiwa waziri mkuu, 2009, alisukuma watu watoke msitu wa Mau, zoezi lenyewe lilifanywa vibaya watu wakalala kando ya barabara na watoto, na kura za Rift Valley zikamkimbia. Wanasiasa wote waliona. Somo walilochukua ni kwamba msitu haupigi kura na barabara inapiga, na wataendelea kuamini hivyo mpaka mtu wa kura zao wenyewe awaambie tofauti.

Halafu kuna hili la Ihithe, nashangaa kama hakuna mtu kwa kundi lenu amelitaja. Hiyo barabara yenu inaanzia kijiji alichozaliwa Wangari Maathai, yule mama aliyepigania misitu. Ihithe hiyo hiyo. 2002 watu wa Tetu, eneo bunge la kwao, walimpa asilimia 98 ya kura, 2004 akaleta Nobel nyumbani, 2007 akaenda kura za mchujo za chama cha rais akaangushwa, akajaribu na chama chake kidogo cha Mazingira, akaangushwa tena. Na majirani zake! Watu waliokunywa maji ya mito aliyoipigania. Sisemi walikuwa wabaya, walitaka mtu wa kukaa karibu na chungu cha serikali, ndivyo siasa yetu inavyofanya kazi. Kwa hivyo wewe kuitwa msaliti kwa grupu ya WhatsApp, pole sana, lakini usifikiri ni ajabu.

Haya, twende kwa mama yako, yeye ndiye mtu wa maana zaidi kwenye barua yako na umemweka mwisho.

Swali lake ni zuri kuliko yote uliyoniuliza wewe. Yeye anaujua mlima kwa miguu ya mtu anayeuzunguka akiwa na msiba. Ukienda kwake na hadithi ya bongo wa milimani, wale swala wakubwa wenye milia, atakuangalia hivyo hivyo tu, hata kama ni kweli kwamba hao bongo waliobaki porini hawafiki 100 na Aberdare ndiyo kwao. Anzia mahali anaposimama yeye. Gunia lake la mwisho la viazi aliuza ngapi, na lilikuwa na kilo ngapi? Maana kuna kanuni tangu 2019 inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na mabroka bado wanajaziwa mpaka gunia linaota kichwa, mkulima analipwa la 50 anatoa la 90. Lami ikatize msitu au isikatize, broka atakuja na gunia lile lile, tena atafika mapema. Hapo mama yako atakaa chini mtaongea. Halafu muulize, mama, barabara ikikuzungusha lakini iwe ya lami, isiyokwama, haitakufaa? Wahifadhi wenyewe wamependekeza ijengwe ya kuzunguka msitu. Hiyo ndiyo barabara ya kupigania, na uipiganie kwa nguvu kuliko unavyoipinga hii nyingine, la sivyo huyo mgombea wa jaketi atakuwa amesema kweli kwamba nyinyi ni watu wa Nairobi wenye viatu vya bei.

Kwa nini msitu wenyewe usikatwe? Wewe unajua lakini kaa nayo vizuri ili ukiulizwa usitapetape. Lile eneo la juu baada ya mianzi, lile la nyasi za mafundomafundo lenye maji chini kila ukikanyaga, hilo ni sponji. Linameza mvua na ukungu, linaachilia polepole, ndiyo Tana, Athi, Ewaso Nyiro na Malewa zinapata pa kuanzia, na ndiyo mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanajaa, na ndiyo mfereji wako Nairobi unatoa maji siku ukitoa. Murram ya sasa gari inaenda kama kobe na usiku hakuna mtu. Weka lami uone malori ya saa tisa usiku. Wale jirani zetu wa Tanzania wanaijua hii, barabara kuu inakatiza mbuga ya Mikumi kama kilomita 50, wameweka matuta, wameweka mabango ya faini kwa kila mnyama utakayegonga, na bado wanagongwa. Na kule Aberdare kuna ua wa umeme wa karibu kilomita 400, ulichukua miaka 20 mpaka ukakamilika 2009, wakulima kama mama yako ndio walishukuru wa kwanza kwa sababu ndovu waliacha kulala kwa viazi vyao. Barabara ya watu wote mchana na usiku inapita vipi kwa ua huo? Itabidi geti likae wazi, na mlango wa kuruhusu magari utaruhusu misumeno na nyaya za mitego pia.

Nikukumbushe kingine kitakuchekesha. Tanzania walipotaka kupitisha barabara ya lami Serengeti, walioenda kuwashtaki kwa Mahakama ya Afrika Mashariki walikuwa shirika la Kenya, na 2014 mahakama ikasema hiyo lami hapana. Wakenya tulipiga makofi sana. Msitu wa jirani ni rahisi kuutetea, haukuombi kura.

Sasa maswali yako.

Chama usitoke. Najua kuna watu watanipigia kelele kwa hili, lakini fikiria, ukitoka leo utakuwa nani kwao? Mtu mwingine wa upande ule anayepinga, wanao maelfu na hawawasikilizi. Wewe ni mtu aliyevaa kofia yao mpaka akaungua na jua, una watu uliowaingiza wewe, na 2027 inakuja mbio. Mwanasiasa hamwogopi adui yake, anamwogopa mtu wake akianza kuuliza uliza. Kwa hivyo uliza ukiwa ndani. Tafuta wenzako wanne watano kwa hilo kundi wanaofikiri kama wewe, wapo, kwa watu 60 hawakosi, waliogopa tu kuandika. Nendeni kwa huyo mgombea mkiwa mmeketi naye, si mkutanoni, mwambieni tunakupigia kura, tunataka utamke barabara ya kuzunguka. Akikataa, mtakuwa mmejua mapema na kura yenu bado mko nayo mfukoni, hamtakuwa mmeapa.

Kundi, toka au usitoke, hilo ni la miguu yako. Mimi ningekaa kidogo. Lakini barua ya kupinga usingoje muhuri wa kapteni. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi wewe kama wewe, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuonyesha kwamba umepata hasara. Hakuna mahali pameandikwa uwe na jaketi. Kukiwa na nafasi ya umma kutoa maoni kuhusu ripoti ya mazingira, andika kwa jina lako, useme ni vijito vingapi umevuka, wapi ndovu hupita, mwezi gani. Wanasheria hawajui hayo. Wewe unayo kwa simu na tarehe zake.

Na ile miche iliyokauka, sasa hiyo ndiyo ilinikera kweli, karatasi limeachwa kwa mizizi! Hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Rudini mkaokote hayo makaratasi. Mkitaka kupanda tena pitieni ofisi ya msitu pale Njabini, muulize wanajamii wanaotunza msitu wanahitaji mti gani na mtu wa kuupalilia mwaka wa kwanza ni nani, na mgombea abaki nyumbani.

Yule mliyembeba Rurimeria, usimjibu kwa grupu. Mpigie simu. Usianze na barabara, muulize kifundo kinaendeleaje wakati wa baridi. Akikata simu basi amekata, lakini sidhani, mtu uliyembeba saa nne hukukumbuka kila akivaa kiatu.

Kunyamaza ndiko siwezi kukushauri, na naona wewe mwenyewe hukutaka, ndiyo maana ukaandika kurasa zote hizi badala ya kulala kama mke wako.

Jumamosi nenda nyumbani kwanza, mlima utakungoja. Pima gunia la mama yako kwa mizani, uandike kilo na bei kwa karatasi, na siku ya kuonana na mgombea ubebe hiyo karatasi pamoja na jaketi lake, likiwa limefuliwa.

Shangazi